Mnada wa Wahopi: Kiuzwacho na Kisichouzika

Neno mnada halina sura njema masikioni mwa watu wa mwambao. Likitajwa, mtu hukumbuka nyumba ya yatima iliyopigwa rungu kwa deni la marehemu, au chombo cha nahodha aliyeshindwa kulipa, na dalali kasimama juu ya kijikasha akipaza sauti huku mwenye mali amejiinamia. Mnada kwetu ni mwisho wa mambo. Kwa hivyo nataraji msomaji atastahamili kidogo nikimwambia kwamba leo nataka kuusifu mnada, tena wa mbali, wa watu ambao wengi wetu hatujapata hata kulisikia jina lao.

Watu hao ni Wahopi wa Marekani. Na mnada wenyewe ni ule ambao wafinyanzi wao, wasusi, wachongaji na masonara hutoa kazi za mikono yao zinadiwe, na fedha zipatikanazo zikawasaidie vijana wao kulipa ada za vyuo vikuu. Ni jambo la hisani, na hisani twazijua. Lakini nyuma yake pana habari ndefu ya skuli, ya jela, na ya mnada mwengine, wa aina mbaya, uliofanywa mjini Paris mwaka 2013. Habari hizo ndizo zilizonishikisha kalamu.

Nchi yao iko kaskazini-mashariki ya jimbo la Arizona, nyanda za juu zenye ukavu, ambako mvua ya mwaka mzima aghalabu haizidi inchi 10. Humo pana vilima vitatu vyenye vilele bapa. Waspanyola walipovifikia katika karne ya 16 waliviita mesa, na hilo ni neno lile lile ambalo sisi tulilichukua kwa Wareno tukasema meza. Juu ya meza hizo, na chini ya miguu yake, ndipo vilipo vijiji vya Wahopi, 12 kwa jumla ukikihesabu na kile cha Moenkopi kilicho mbali kidogo upande wa magharibi. Kijiji cha Oraibi kimekaliwa na watu bila kukatika tangu kiasi cha mwaka 1150. Gedi yetu ina umri unaokaribiana na huo, lakini Gedi leo ni magofu na kima, ilhali Oraibi moshi wa jikoni ungali unatoka.

Ni wakulima. Hupanda mahindi pasipo mfereji wala bomba, mbegu wakiizika chini sana kwa kijiti ili ifikie unyevu uliobaki mchangani, na mahindi hayo, ya buluu na meupe na mekundu, ndiyo chakula chao na ndiyo ada yao. Nyumba kwao ni ya mwanamke, na mtoto hufuata ukoo wa mama. Mwaka 1882 Rais Chester Arthur aliwachorea mpaka kwenye ramani, mstatili mtupu, kama mtu akataye kitambaa asichojua kitashonwa nini. Hadi leo wamezungukwa pande zote na nchi ya Wanavajo, ambao ni wengi kuliko wao mara nyingi. Wahopi walioandikishwa ni kiasi cha 14,000 tu. Watu wa mtaa mmoja wa Mombasa huwazidi.

Sasa kazi zao za mikono, na hapa msomaji aniwie radhi nikikawia, kwani asiyejua kinachonadiwa hawezi kuujua mnada.

Kilima cha kwanza ni cha wafinyanzi. Mwanamke huenda mwenyewe kuchimba udongo, huusafisha, hukiinua chungu kwa mikono mitupu pasipo gurudumu, hukisugua kwa kijiwe laini mpaka kikang'aa, kisha hukitia nakshi kwa brashi ya jani la yuka lililotafunwa ncha, na kukichoma nje uwanjani kwa kinyesi cha kondoo. Aliyeupatia ufinyanzi huo jina duniani ni Nampeyo, mwanamke wa kijiji cha Hano, aliyefariki mwaka 1942. Mwishoni mwa karne ya 19 alivichukua vigae vya Sikyatki, mahame ya mji wa kale yaliyo karibu na kwao, akazitazama nakshi zake kama mtu asomaye hati iliyofifia, na juu ya vigae hivyo akajenga mtindo mpya. Uzeeni macho yalimwisha. Akawa yeye afinyanga kwa vidole na binti zake ndio watiao rangi. Kizazi chake kingali kazini mpaka sasa.

Kilima cha pili ni cha ususi wa kuzungusha, duara juu ya duara, mfano wa vikapu vyetu vishonwavyo kwa ukindu. Cha tatu ni cha ususi wa fito. Sahani hizo za kusukwa si mapambo matupu. Harusi ikishafanywa, jamaa za bibi harusi huwa na deni la kuwalipa jamaa za bwana harusi kwa sahani nyingi za ususi, na ziko nyumba ambazo hukaa muda mrefu wakisuka deni hilo, shangazi na binamu na majirani. Mama zetu wa visiwani, wajuao mkeka mmoja wala siku ngapi za mtu, watalifahamu jambo hili haraka kuliko profesa.

Kisha usonara. Usonara wa Kihopi kama ujulikanavyo leo si wa kale: ni bamba mbili za fedha, ya juu imekatwa nakshi, ikaunganishwa kwa moto na ya chini iliyotiwa weusi. Ulipata nguvu baada ya Vita Vikuu vya Pili, pale vijana wa Kihopi waliorudi vitani walipofundishwa kazi hiyo kuanzia mwaka 1947 kwa fedha za serikali zilizotengewa masomo ya askari. Walimu wao walikuwa Fred Kabotie, aliyewafunza michoro, na Paul Saufkie, aliyewafunza kukata na kuunga. Mwaka 1949 wakaunda chama chao. Basi pete na bangili zinadiwazo leo ili zilipie masomo, zenyewe zilizaliwa na masomo.

Na mwisho pana vile vijisanamu vya mti viitwavyo tithu, vichongwavyo kwa mzizi wa mti mmoja wa jamii ya mpopla uotao penye maji. Kwa asili hupewa watoto wa kike katika sherehe zao. Hivyo vina maneno yake, nami nitavirudia.

Haya, na skuli?

Skuli ya bweni ya serikali ilifunguliwa Keams Canyon mwaka 1887. Baadhi ya wazee waliikubali, wengi waliikataa. Mtoto alikatwa nywele, akavuliwa nguo za kwao, akapewa jina jengine, na akisikiwa anasema Kihopi aliadhibiwa. Wazazi wakawaficha watoto, serikali ikaleta askari. Wanaume 19 wa Kihopi walikamatwa, wakasafirishwa hadi San Francisco, na tarehe 3 Januari 1895 wakatiwa katika kisiwa cha Alcatraz, ambacho wakati huo kilikuwa jela ya kijeshi. Hawakuachiliwa mpaka Agosti. Na kosa lao? Hawakutaka watoto wao wachukuliwe skuli, wala hawakutaka ardhi ya koo ikatwe vipande vipande kugaiwa mtu mmoja mmoja. Hawakumuua mtu. Hawakuiba.

Ugomvi huo ukaingia ndani ya Oraibi yenyewe. Mji ukapasuka, hawa wakitaka kupatana na serikali, hawa wakikataa. Septemba 1906 wakachora mstari mchangani, makundi mawili yakasukumana, si kwa silaha bali kwa vifua na mikono, na kundi la mzee Yukiuma liliposhindwa likafunga mizigo yake likaondoka jioni ile ile, wake na watoto, kwenda kuanzisha kijiji cha Hotevilla. Haukupita muda askari wakaja huko, wakachukua watoto wapatao 80 kuwapeleka Keams Canyon. Na Tawaquaptewa, kiongozi wa kundi lililoshinda, lile lililokuwa radhi na skuli, naye pia serikali ikampeleka skuli ya Sherman huko Riverside, California, ati akajifunze Kiingereza. Aliyekataa alichukuliwa watoto, aliyekubali akachukuliwa mwenyewe.

Wazee wetu waliosita kuwapeleka watoto skuli za serikali na za misheni kwa kuchelea dini yao, wakaitwa wajinga kwa kusita huko, wangaliketi na Yukiuma wakafahamiana pasipo mkalimani.

Lakini habari ya skuli haikuwa na upande mmoja, na hapa ndipo uzito wake ulipo. Yule Fred Kabotie niliyemtaja alikuwa mtoto wa Shungopavi. Mwaka 1915 alipelekwa bila hiari yake skuli ya Santa Fe, mbali na kwao, mahali ambapo mambo ya kikwao yalikuwa ya kufutwa. Mke wa mkuu wa skuli hiyo, Elizabeth DeHuff, akamwita nyumbani kwake, akampa karatasi na rangi. Kijana kwa hamu ya nyumbani akachora alichokikosa: ngoma za kijijini kwao, mavazi, mpangilio wa wachezaji, vyote kutoka kichwani. Picha zikapendwa, zikanunuliwa. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ndiye aliyechora kuta za mnara wa Desert View kwenye ukingo wa bonde kuu la Grand Canyon, na kuanzia mwaka 1937 mpaka 1959 alikuwa mwalimu wa uchoraji katika skuli ya sekondari ya Wahopi, kwao, Oraibi. Skuli iliyotaka kumsahaulisha ndiyo iliyompa brashi ya kukumbukia. Sisemi hivyo kuitetea. Mtu akikutia kisimani ukatoka na kambare mkononi, shukrani si zake.

Mwenziwe wa kijiji hicho, Louis Tewanima, alipelekwa Carlisle, Pennsylvania, mwaka 1907, maelfu ya maili kutoka kwao. Mwaka 1912 alileta nishani ya fedha ya mbio za mita 10,000 kutoka Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, kisha akarudi Shungopavi kuchunga kondoo na kulima mahindi. Kwa sisi Wakenya, tunaojua mbio ni nini, jina hilo lastahili kujulikana zaidi.

Sasa watu hao hao, wajukuu na vitukuu wa wafungwa wa Alcatraz, ndio wanaotoa vyungu na bangili zao zinadiwe ili vijana waende chuo kikuu. Je, wamesalimu amri? Sidhani. Yukiuma na wenzake hawakufungwa kwa kuchukia elimu. Walikuwa na elimu yao, ya mbegu na majira na nyota na ada, na ilikuwa na walimu na mitihani yake. Walichokataa ni mtu mwengine kuamua mtoto wao ajifunze nini, wapi, kwa lugha gani, na arudi lini. Hilo likishakuwa mikononi mwao jambo lageuka. Kwa miaka mingi kijana wa Kihopi aliyetaka kumaliza sekondari ilimbidi aende mabwenini mbali, Phoenix au Riverside. Mwaka 1986 ndipo ilipofunguliwa sekondari yao mpya nchini mwao, na mtoto akaweza kusoma na kulala kwa mamaye. Mwaka 1998 likatoka kamusi kubwa la Kihopi, lenye maneno kiasi cha 30,000. Lakini chuo kikuu kijijini hakuna. Kilicho karibu ni cha Flagstaff, karibu saa mbili kwa gari, na huko kuna ada, kuna kodi ya chumba, kuna vitabu, kuna petroli ya kurudi nyumbani wakati wa sherehe ambayo kijana hawezi kuikosa. Mkono mtupu haulambwi.

Fedha zilikuwa zikitoka wapi? Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mapato ya serikali ya Wahopi ilitokana na makaa ya mawe ya Black Mesa, yaliyochimbwa na kampuni ya Peabody katika nchi yao na ya Wanavajo. Makaa ya machimbo mamoja yalisukumwa kwa maji katika bomba la urefu wa maili zaidi ya 270 mpaka Nevada. Maji matamu ya chini ya ardhi, katika nchi ya mvua ya inchi 10. Kazi hiyo ilikoma mwisho wa mwaka 2005. Machimbo ya pili, ya Kayenta, yalifungwa mwaka 2019, mwaka ule ule ulipozimwa mtambo mkubwa wa umeme uliokuwa ukiyatumia. Kuna waliofurahi kwa ajili ya maji, nao walikuwa na haki. Lakini hazina ilibaki na pengo ambalo halijazibika.

Bahati yao ni kuwa walifikiri mapema. Novemba 2000 baraza la Wahopi liliunda mfuko wa elimu likautilia mtaji wa dola milioni 10. Na namna walivyouunda ndiyo inayonifurahisha, kwa sababu hatuhitaji kutafuta neno la kuielezea: ni wakfu. Asili ya mali haiguswi. Huwekezwa, ikazaa, na kile kilichozaliwa ndicho kitolewacho kusaidia wanafunzi, mwaka baada ya mwaka, hata kwa wale ambao bado hawajazaliwa. Mwenye shamba la minazi lililowekwa wakfu kwa msikiti alifahamu hesabu hii karne nyingi kabla ya mabenki ya New York: nazi huangushwa, mnazi haukatwi.

Na hapo ndipo mnada unapopata maana yake. Chungu kilichonadiwa ni nazi. Mfinyanzi atafinyanga chengine, udongo upo na mikono ipo. Sonara atakata bamba nyengine. Hakuna kilichopungua katika asili ya Wahopi kwa kuuzwa kitu hicho.

Naye mnunuzi hupata neno ambalo dukani si rahisi kulipata, uhakika. Tangu sheria ya mwaka 1990 ni kosa Marekani kuuza bidhaa kwa kusema imefanywa na Mmarekani wa asili ilhali si kweli, lakini bidhaa za uongo zingali zinamiminika madukani. Kitu kilichotolewa na fundi mwenyewe, mbele ya watu wake, kwa ajili ya watoto wao, hakihitaji cheti. Watalii wetu wanunuao "sanduku la kale la Lamu" lililopakwa chai juzi wangetamani mnada wa namna hiyo.

Nimesema pana mnada mwengine. Tarehe 12 Aprili 2013, mjini Paris, katika jumba la minada la Drouot, viliwekwa mezani vitu vya ibada vya Wahopi vipatavyo 70. Magazeti ya Ulaya yaliviita vinyago. Wahopi wenyewe hawapendi neno hilo. Wao huviita marafiki, na huvihesabu kuwa vina uhai. Sitavieleza vilivyo, kwa kuwa wenyewe wamekataza visielezwe. Hata kamera wamezipiga marufuku vijijini mwao tangu zamani. Waliomba mnada usimamishwe. Balozi wa Marekani akaomba pamoja nao. Kesi ikapelekwa mahakamani, na jaji akaamua kwamba vitu hivyo, utukufu wowote viwe nao kwa wenyewe, haviwezi kulinganishwa na maiti wala na mtu aliye hai, kwa hivyo sheria ya Ufaransa haizuii kuviuza. Rungu likagonga. Zikapatikana karibu euro 930,000. Wakili aliyewatetea Wahopi, akiwa ameshindwa kesi, alinunua kimoja kwa fedha zake akawarudishia.

Desemba mwaka huo huo ukafanywa mnada mwengine Paris. Safari hii taasisi ya hisani ya Annenberg ya Marekani iliingia kimya kimya kwa simu, ikapandisha bei pamoja na wanunuzi wengine, na ikaondoka na vitu 24 kwa dola 530,000: 21 vya Wahopi na 3 vya Waapache. Vyote ikawarudishia wenyewe. Tendo jema, hapana ubishi. Lakini hebu fikiri, mtu kunadiwa kilicho chake na kulazimika kungoja tajiri mwema amnunulie. Fedha hizo zingaliingia katika ule wakfu wa elimu, zingalisomesha vijana wangapi?

Najua atakuwapo wa kuniuliza: masanamu ya watu, sisi Waislamu yatuhusuni? Si lazima mtu aamini anachokiamini jirani ndipo amtetee asiibiwe. Na kwa hakika hoja ya Wahopi sisi tunaifahamu kwa urahisi kuliko jaji wa Paris. Wao hawakusema tu kuwa vitu vile ni vitukufu. Walisema havina mwenyewe mmoja. Mtu hupewa kuvitunza. Hana milki ya kuviuza, wala kuvirithisha kama mali yake, wala kuvitoa zawadi. Basi yeyote aliyeviuza hapo mwanzo, hata kama alikuwa Mhopi mwenye njaa, aliuza asichokuwa nacho, na kila mnunuzi baada yake alinunua hewa. Mtunza wakfu akiuza nyumba ya msikiti, kadhi hatauliza mnunuzi wa tatu alilipa kiasi gani. Atauliza mwuzaji wa kwanza alikuwa na haki gani.

Wala tusiseme ni mambo ya mbali. Vigango vya ndugu zetu Wagiriama, vile viguzo vya mti vinavyosimamishwa kwa ajili ya wazee waliokufa, viling'olewa usiku kutoka mashambani mwa Kilifi vikauzwa kwa watalii na mawakala, na vingi vikaishia huko huko Marekani, katika majumba ya makumbusho. Makumbusho ya Denver yaliamua mwaka 2014 kurudisha 30, navyo vikafika Kenya mwaka 2019. Makumbusho ya jimbo la Illinois yakarudisha 37 mwaka 2023. Kijana aliyeking'oa alipata fedha za siku mbili tatu. Si ajabu wengine walikuwa wakitafuta ada ya skuli.

Hapo ndipo shida ya haja inapoonekana. Haja ya elimu ni kali, na mwenye haja huuza cha karibu. Mnada wa hisani ukiendeshwa vizuri humwonyesha mwenye haja kitu chengine cha kuuza. Ukiendeshwa ovyo, kwa kupokea chochote kiletwacho na mwenye kabati la vitu vya kale, waweza kuwa mlango wa nyuma wa Paris. Nirudi basi kwa vile vijisanamu vya tithu, maana viko mpakani kabisa. Vile vichongwavyo kwa ajili ya soko vimeuzwa tangu karne ya 19 na wachongaji wenyewe, kwa hiari yao. Ni kazi ya fundi, na mtoto wa fundi atasoma nacho. Lakini umbo moja kwa macho ya mgeni hufanana na jengine, na mgeni hawezi kujua kipi ni cha soko na kipi si chake. Mhopi ajua. Kwa sababu hiyo nasema anayepanga orodha ya mnada, na mwenye neno la mwisho la kukataa, lazima awe Mhopi, hata kama ukumbi ni wa wengine na chakula ni cha wengine. Sheria ya Marekani ya Desemba 2022, inayozuia vitu vya urithi wa makabila kupelekwa nje ya nchi, itasaidia mipakani. Ukumbini haitafika.

Nina jambo moja la kulalamikia, nalo ni mzigo wa fundi. Katika minada ya hisani ya Marekani, aghalabu vitu hupangwa juu ya meza, chini ya kila kimoja karatasi, na watu hupita wakiandika bei, kila mmoja juu ya mwenziwe, mpaka saa ipige. Wengi huja kwa moyo mzuri. Wapo pia wanaokuja kutafuta rahisi, bangili ya dola 800 kwa 200, na jioni ile wakaitwa wafadhili. Bei hiyo ya chini haifi ukumbini. Mnunuzi wa kesho akienda kwa sonara atamwambia, mbona jana yako iliuzwa 200?

Na sheria ya kodi haimtazami fundi kwa jicho la huruma. Tangu mwaka 1969 msanii wa Marekani akitoa kazi yake mwenyewe kwa hisani, huhesabiwa gharama ya vifaa tu, basi. Mfinyanzi akitoa chungu cha dola 2,000 atahesabiwa udongo, na udongo kauchimba mwenyewe kilimani. Tajiri aliyenunua chungu hicho hicho, akakaa nacho zaidi ya mwaka, kisha akakipa makumbusho, aweza kuhesabiwa bei yote ya soko. Aliyefinyanga ametoa matope, aliyenunua ametoa johari. Wenyewe huona ni sawa.

Kwa hivyo waandalizi wasiishie kumpigia fundi makofi. Waweke bei ya chini isiyovukwa, na kisichofika kirudi kwa mwenyewe bila aibu. Wamgawie fundi sehemu ya bei, kama wafanyavyo baadhi ya wenye minada, kwani yeye naye ana watoto skulini. Kinachobaki, sehemu yake kubwa iingie katika asili ya wakfu kuliko kuliwa muhula ule ule, ingawa najua ni vigumu kumwambia hivyo mzazi ambaye binti yake amekwisha pata nafasi Flagstaff na barua ya ada iko mezani. Muhula wa huko huanza mwishoni mwa Agosti.